Mtoto wa Mji wa Wageni Awe na Watu Wake

Ingia katika ploti yoyote ya vyumba vya kupanga pale Rhonda, Kaptembwo au Free Area, uwaulize waliomo wanatoka wapi. Wa chumba cha kwanza watakutajia Bomet, wa pili Siaya, wa tatu Kakamega, wa nne Nyandarua. Mwenye ploti naye huenda ni mzaliwa wa hapa ambaye babu yake alikuja kufanya kazi ya reli. Nakuru ilianza hivyo. Reli ya Uganda ilipopita hapa miaka zaidi ya 120 iliyopita, iliwaleta walowezi wa Kizungu, wenye maduka wa Kihindi na vibarua wa kila kabila, na tangu hapo mji haujaacha kupokea wageni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatawazwa kuwa jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Toka nje ya jiji kidogo na mchanganyiko unazidi. Karagita, Kamere na Kasarani, kando ya Ziwa Naivasha, kumejaa wafanyakazi wa maua waliotoka magharibi na Nyanza, wakisimamiwa na mameneja ambao baadhi yao ni Waholanzi au Wahindi. Olkaria kuna wahandisi wa mvuke. Reli mpya iliyofika Naivasha mwaka 2019 ilijengwa na kampuni ya Kichina. Njoro kuna wahadhiri wa Egerton. Gilgil na Turi kuna shule za bweni za mtaala wa Uingereza, Pembroke House ya mwaka 1927 na St Andrew's ya mwaka 1931, zenye watoto ambao wazazi wao huenda wako nchi nyingine kabisa. Na wakati hao wanaingia, wenyeji wanatoka: mama ameenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, baba yuko Doha anaendesha gari, shangazi ni muuguzi Minnesota.

Kijijini, mtoto huzaliwa amezungukwa na watu wake. Anayemkanya barabarani ni baba mdogo, anayempa uji ni nyanya, na mama akiugua hakuna anayeuliza mtoto atalala wapi. Mjini kwetu watu hao hawapo, au wapo mbali, safari ya siku nzima. Rai yangu kwa wazazi wa Nakuru, wawe wa Kaptembwo au wa Milimani, wenyeji au wageni wenye paspoti za ng'ambo, ni hii: usingoje shida ikuonyeshe nani ni mtu wa mtoto wako. Wateue mapema, kwa majina, nao wenyewe wajue wameteuliwa.

Majina matano kwenye karatasi

Keti na mwenzako, au peke yako kama unalea peke yako, uandike majina matano. La kwanza ni jirani anayeweza kumfungulia mtoto mlango saa tano usiku. La pili ni mtu wa shuleni, mwalimu wa darasa au hata mpishi, ambaye mtoto hamwogopi. La tatu ni ndugu wa damu anayeweza kusafiri akafika kwa siku moja. La nne ni mhudumu wa afya, awe wa zahanati mnayotumia au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. La tano ni mtu wa imani au wa chama: mama wa jumuiya, ustadhi wa madrasa, mwenzako wa kikundi cha kuweka akiba.

Kisha waendee. Jirani aliyeandikwa kwenye orodha bila kuambiwa si msaada. Mwambie waziwazi, "Mama Brian, nikichelewa kazini na simu yangu haipatikani, naomba watoto waje kwako, nami nitakutendea vivyo hivyo." Hakuna aibu katika maneno hayo. Mtoto naye aambiwe nani ni nani, na aweze kukariri angalau nambari mbili za simu, maana simu ya mama ikiibiwa kwenye matatu, majina yote hupotea nayo.

Pamoja na majina, panga hati. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule, na nakala ya kitambulisho cha kila mzazi viwe mahali pamoja, ndani ya mfuko usiopenya maji. Waliokuwa Kihoto, Naivasha, maji ya ziwa yalipoingia nyumbani, na waliokuwa Maai Mahiu mafuriko yalipowakumba alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Hakikisha pia kila mtoto ameandikishwa kama mtegemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usigundue kwamba hayumo ukiwa umesimama kwenye dirisha la hospitali.

Kazi inapobana

Wanaofanya kazi kwenye maua wanajua kalenda ambayo haipo shuleni. Waridi za sikukuu ya wapendanao ya tarehe 14 Februari huvunwa na kufungwa kuanzia mwishoni mwa Januari, na hapo ndipo ovataimu hukolea. Ni wiki zilezile mtoto ameingia darasa jipya, viatu vinambana, hana rafiki bado, na daftari linataka sahihi ya mzazi kila jioni. Mzazi anarudi usiku, mtoto amelala na sare.

Msimu huu unajulikana mwaka mzima kabla, basi upangwe. Desemba, kabla pesa hazijakwisha, elewaneni na wazazi wawili au watatu wa ploti moja ambao zamu zenu hazilingani: huyu anapika leo na kusimamia kazi za shule za watoto wote, yule kesho. Nenda ukamwone mwalimu wiki ya kwanza ya muhula na umwambie kwamba hadi katikati ya Februari nyumbani kutakuwa na giza mpaka usiku. Mwalimu akijua hilo, hatamwadhibu mtoto kwa sahihi iliyokosekana. Na siku ya mapumziko ikipatikana, isiishe yote kwenye kufua. Saa moja ya kukaa na mtoto bila simu mkononi itamfaa kuliko zawadi ya mshahara wa ovataimu.

Kwa wenye watoto wachanga, jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili na baba wiki 2. Akina baba wengi hawaziombi hizo wiki 2, wakidhani ni za watu wa ofisini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Ulizeni kupitia kwa mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, mkiwa wengi, wala si mmoja mmoja.

Mtoto anapobaki kwenye nyumba ya kulelea watoto mtaani, usitazame bei pekee. Fika bila taarifa saa nne asubuhi. Hesabu watoto, hesabu na wanaowaangalia. Tazama jiko la makaa liko wapi na kama dirisha liko wazi. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Mtoto akirudi amelegea, analala kila jioni hata kabla ya chakula, uliza kama amepewa dawa ya kumtuliza, na usikubali jibu la "huyu ni mpole tu". Ukiridhika na mahali, mlipe mlezi kwa wakati. Anayecheleweshewa pesa huongeza watoto ili aishi, na wako atakuwa mmoja kati ya wengi mno.

Mzazi akiwa ng'ambo

Wapo wazazi wanaoondoka alfajiri mtoto amelala, ili asilie. Kilio hicho hakiepukwi, kinaahirishwa tu, na mtoto hujifunza kwamba watu hutoweka akifumba macho. Mwambie wiki kadhaa kabla, kwa maneno ya umri wake: unakwenda wapi, kufanya nini, nani atampikia, nani atakuja shuleni siku ya wazazi. Usimtajie tarehe ya kurudi ambayo huna hakika nayo. Mkataba wa Ghuba wa miaka 2 huweza kurefuka, na ahadi ya "Krismasi hii" ikivunjwa mara mbili haiaminiki tena.

Anayebaki na mtoto apewe mamlaka kwa maandishi. Andika barua ukitaja jina lake, nambari ya kitambulisho chake na mambo anayoruhusiwa kuamua, kama vile matibabu, shule na safari, kisha uishuhudishe kwa wakili. Nakala moja ipelekwe shuleni, nyingine ikae kwenye mfuko wa hati. Nyanya asiye na karatasi hiyo hupata taabu kubwa mjukuu anapohitaji kufanyiwa upasuaji au kuhamishwa shule.

Kisha kuna simu. Riyadh na Doha wanafuata saa zetu hasa, Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja, London iko nyuma kwa saa 2 au 3 kulingana na majira, na Minneapolis iko nyuma kwa saa 8 au 9. Chagueni saa moja isiyobadilika, hata ikiwa ni mara 2 kwa wiki, na muiheshimu. Kwa wanaofanya kazi za nyumbani Uarabuni, mwezi wa Ramadhani hugeuza usiku kuwa mchana, hivyo pangeni upya kabla haujaandama. Elewaneni pia na mlezi nini kitafanyika simu ikinyamaza kwa wiki nzima: nani atamuuliza wakala, nani atapiga ubalozi, na mtoto ataambiwa nini. Wapo waajiri wanaonyang'anya simu, na mtoto aliyezoea sauti ya mama kila Ijumaa huanza kujilaumu.

Simu ya mtoto isiwe simu ya pesa. Mazungumzo ya karo, kodi na M-Pesa yafanywe na watu wazima wakati mwingine. Ukipiga, uliza habari ndogo: leo mlicheza nini, nani alikaa karibu nawe, kuku wa nyanya ametaga wapi. Wala usimpindue mlezi ukiwa mbali. Nyanya akikataza runinga usiku, nawe ukamtumia mtoto simu mpya kwa siri, umemwacha mama yako bila sauti ndani ya nyumba yake.

Si wote wanaokwenda miaka. Wataalamu wetu wa mvuke wa Olkaria wamekuwa wakienda Iceland kwa mafunzo ya miezi 6 tangu miaka ya 1980. Miezi 6 ni mifupi kwa mwajiri. Kwa mtoto wa miaka 3 ni muda wa kutosha kumsahau mtu kwa harufu na kumwogopa akirudi. Mzazi anayerejea, kaa kama mgeni kwa wiki za kwanza. Usibadili ratiba ya kulala, usimchape, usidai kukumbatiwa. Acha aliyekuwa akimlea aendelee kumwogesha huku nawe upo, mpaka mtoto akuite mwenyewe.

Nyumba ya makabila mawili, au mataifa mawili

Nakuru kuna nyumba ambamo nyanya mmoja anaitwa cucu na mwingine kogo, au dani, na mtoto anachanganya yote bila taabu. Wanaotaabika ni wazazi, wakishindana. Kila mzazi na azungumze na mtoto lugha yake mwenyewe, tangu siku ya kwanza, na Kiswahili kitajifunzwa uani bila kufundishwa. Katika darasa la kwanza hadi la tatu shule hufundisha kwa lugha ya eneo, na katika mitaa yetu ya mchanganyiko hiyo huwa ni Kiswahili, kwa hiyo hofu ya mtoto "kuchelewa" haina msingi mkubwa. Kinachochelewesha ni nyumba ambayo hakuna anayezungumza naye kwa lugha yoyote.

Mambo makubwa yaamuliwe kabla mtoto hajafikia umri wake. Majina, kwa mfano: Wagikuyu humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu wa upande wa baba, Wakalenjin hutazama wakati na hali ya kuzaliwa. Yote mawili yanaweza kukaa kwenye cheti kimoja. Jando la likizo ya Desemba ni zito zaidi, hasa pale upande mmoja unatahiri na mwingine hauna desturi hiyo. Kijana wa miaka 13 asifanywe uwanja wa vita vya wakwe. Na kwa wasichana hakuna mjadala. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na hata kumvusha mpaka mtoto ili akakeketwe ni kosa. Likizo ndefu, safari ya ghafla ya "kumsalimu shangazi", uliza maswali.

Kama mwenzako si Mkenya, kumbuka Ibara ya 14 ya Katiba: mtoto ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba alikuwa raia siku ya kuzaliwa kwake, awe amezaliwa Nakuru au Amsterdam, na uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Fuatilia hati zake zote mbili mapema, maana ndoa ikitikisika ndipo karatasi huwa silaha.

Kwa familia za kigeni zinazoishi hapa kwa mkataba, nina mawili. La kwanza, msimfungie mtoto nyuma ya ua na basi la shule. Ajifunze Kiswahili cha kununua ndizi, acheze mpira na watoto wa jirani, ajue jina la mlinzi wa geti. La pili linahusu yaya. Mtoto wa namna hii mara nyingi hulelewa kwa saa nyingi zaidi na dada wa nyumbani kuliko na mama. Mkataba unapoisha, familia hufunga masanduku, mtoto huagwa na darasa zima, na dada hulipwa haki zake jikoni bila sherehe. Mpeni mtoto nafasi ya kumuaga, picha yake, na njia ya kuwasiliana naye. Nanyi wenyeji ambao watoto wenu huachwa na marafiki kila Juni, msiwaambie "utapata mwingine". Waacheni wahuzunike siku chache.

Maneno ya mezani

Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru na Naivasha zilichomeka. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa, na watoto waliokuwa humo sasa ni wazazi. Tunaelekea uchaguzi mwingine Agosti 2027. Mtoto wa miaka 6 hana kabila analolichukia, mpaka alisikie nyumbani. Mnapotazama habari, yeye yuko sakafuni anasikiliza, na kesho atayarudia maneno hayo uani, mbele ya mtoto wa jirani uliyemwandika kwenye karatasi ya majina matano.

Kwa hiyo weka sheria ndogo: mbele ya watoto, mtu hutajwa kwa jina lake, wala si kwa kabila lake. Wakiuliza yaliyotokea zamani, wajibu kweli kwa kifupi: watu wazima waligombana, wengi wakaumia, majirani wengine wakawaficha wenzao. Wiki za kura, punguza sauti ya redio, na mpigie simu jirani yako kabla hajakupigia. Familia zinazojuana kwa majina ya watoto husambaziana uvumi kwa shida zaidi.

Dalili, na pa kwenda

Mtoto hasemi "nina msongo". Husema tumbo linauma kila Jumatatu. Hukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka. Huficha chakula chini ya mto, huwa mpole kupita kiasi, hung'ang'ania mlango mtu fulani anapokuja. Alama hushuka ghafla, au rafiki zake wote wanakuwa wakubwa kuliko yeye. Dalili moja kwa siku mbili ni utoto. Zikiwa tatu kwa wiki tatu, chukua hatua.

Anza na mwalimu. Kisha nenda hospitali, na useme wazi kwamba unataka aangaliwe hisia zake, wala si minyoo tu. Kukiwa na dhuluma, piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Chifu na mwenyekiti wa Nyumba Kumi nao wapo. Usikubali kesi ya mtoto aliyenajisiwa imalizwe kwa mbuzi na chai. Na wewe baba, Ibara ya 53 ya Katiba inasema malezi ni wajibu sawa wa mama na baba, wawe wameoana au la. Kutuma pesa ni sehemu tu ya wajibu huo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hapa kwetu mikono mingine haiji yenyewe, huombwa. Basi mzazi mwenzangu, Jumapili hii chukua karatasi, andika majina matano, na kabla ya jua kuzama uwe umemgongea mlango mmoja wao.